Watoto wanachezesha paka kwenye kompyuta, je hio ni programu kweli?

"Habari mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Moshi, jumamosi nakusanya watoto 14 kwenye ukumbi wa kanisa huku Majengo, wana miaka 10 mpaka 13, nawafundisha kompyuta kwa Scratch (ile ya kupanga bloku za amri kutengeneza katuni). Tuna laptop tano za kupewa, za zamani, intaneti hatuna labda niwashe bando langu. Watoto wanapenda sana, wametengeneza katuni nyingi, paka anatembea, daladala linapita, ila nagundua wengi wanakopi alichofanya mwenzao na ukiwauliza kimefanyaje kazi hawajui. Sasa mzazi mmoja kaja akaniambia mbele ya wenzake kwamba mtoto wake anapoteza muda na katuni, anataka afundishwe programu ya ukweli, Python (lugha ya programu ya kuandika kwa maandishi) au kitu kama hicho. Nimekaa nawaza labda yuko sahihi. Je niache Scratch nihamie Python? Alafu kuna mtoto kaniuliza swali nikashindwa kujibu: akipanga bloku kumi za 'songa hatua 10' paka anaruka mara moja mpaka mwisho, lakini akitumia bloku moja ndani ya 'rudia mara 10' paka anateleza vizuri. Jumla ni hatua 100 zote mbili, kwa nini haziko sawa?"

Mwalimu pole na kazi, na hongera. Kukaa jumamosi na watoto 14 kwenye laptop tano sio jambo dogo, na kwa namna ulivouliza naona kabisa unawajali.

Naona una hofu mbili hapo, moja ni huyo mzazi na nyingine ni hao wanaokopi, alafu mwishoni ukaweka swali la yule mtoto kama kitu kidogo hivi. Mimi naanza na hilo la mwisho, maana kwa maoni yangu ndo swali zito kuliko yote uliyoandika, na ukishalielewa vizuri hayo mengine yanakuwa mepesi.

Ni hivi. Kompyuta haichori skrini upya kila inapomaliza bloku moja. Scratch inachora skrini kama mara 30 kwa sekunde, basi. Kati ya mchoro mmoja na mchoro unaofuata inapitia kila skripti (bloku zilizoungana pamoja) iliyo hai, inaitekeleza mpaka ifike mahali pa kupumzika, inaiacha, inaenda kwa nyingine, ikishamaliza zote ndo inachora. Sasa mahali pa kupumzika ni wapi? Ni mwisho wa kila mzunguko wa lupu (yaani bloku ya kurudia), na bloku za kusubiri kama ile ya kusubiri sekunde au ya kuteleza. Bloku za kawaida zikipangana tu moja chini ya nyingine hakuna mapumziko katikati. Kwa hiyo zile bloku kumi za mtoto zote zinaisha kabla skrini haijachorwa hata mara moja, yaani kwenye kumbukumbu ya kompyuta paka amepita 10, akapita 20, akapita 30 mpaka 100, kweli amepita kote, ila jicho la mtoto limeonyeshwa 0 na 100 tu. Kwenye lupu kila mzunguko ukiisha skrini inachorwa, kwa hiyo anaonyeshwa vituo vyote kumi, na ubongo unaviunganisha anaona paka anateleza. Sinema inafanya kazi hivohivo, picha 24 kwa sekunde zilizotulia, kutembea tunakuona sisi.

Usimwambie tu jibu lakini, mfanye alione. Mwambie achukue zile bloku kumi, katikati ya kila moja aweke bloku ya kusubiri sekunde 0.1, ila kabla hajabonyeza bendera ya kijani inayoanzisha programu aseme kwa mdomo anategemea nini kitatokea. Alafu mwambie atengeneze rudia mara 100, ndani yake hatua 1, na wewe mwalimu wa hisabati hapo uko nyumbani: kama skrini inachorwa mara 30 kwa sekunde na lupu inazunguka mara 100, paka atachukua muda gani kufika? Ni 100 gawanya kwa 30, sekunde tatu na kidogo. Na ile ya rudia mara 10 yenye hatua 10? Theluthi ya sekunde. Wapime kwa saa ya simu. Kwenye laptop za zamani inaweza ikazidi hapo maana mashine dhaifu haifikishi michoro 30, na hilo nalo ni somo, ndo maana ukitaka kitu kifike kwa muda unaoujua unatumia bloku ya kuteleza ambayo unaiandikia sekunde zenyewe, sio kuhesabu mizunguko.

Mwalimu, mtoto wa miaka 11 ambaye ameona programu mbili zenye jumla moja zinafanya tofauti akauliza kwa nini, huyo tayari anafikiri kama mtu wa programu. Tofauti ya kilichopo kwenye kumbukumbu na kilichochorwa kwenye skrini ni kitu ambacho watu wanaotengeneza magemu na tovuti wanahangaika nacho kila siku. Na amekigundua kwa sababu alikuwa anatengeneza katuni. Angekuwa anaandika Python ya kuchapisha majibu ya kujumlisha, programu zote mbili zingemletea 100, na asingekuwa na cha kuuliza.

Hapa ndo naona nguvu ya kufundishia kwa katuni. Kinachomsumbua anayeanza programu sio kuandika, ni kwamba mambo yote yanatokea ndani asikoona. Namba inabadilika, haioni. Mstari wa tatu umetekelezwa, wa nne umerukwa, haoni. Katuni inavitoa vile vya ndani inaviweka nje: x ikiongezeka paka anaenda kulia, kosa la kutoa badala ya kujumlisha linaonekana paka akirudi nyuma, na mtoto wala hahitaji wewe umwambie amekosea. Wazo hili lina umri. Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini, pamoja na wenzake Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walitengeneza lugha ya Logo mwaka 1967 ili watoto waandike programu, na baadae wakamleta kobe anayechora kwa amri. Scratch imetoka kwenye ukoo huohuo, ilitolewa na chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2007 na kikundi cha Mitchel Resnick, na Logo na Scratch zote zilibuniwa kwa kufikiria mtoto anajifunzaje. Huyo mzazi ukimpata kwa utulivu mwambie pia kwamba chuo cha Harvard, Marekani, kozi yao kubwa ya kuanza kompyuta inayoitwa CS50 wiki ya kwanza wanafunzi wanaanza na Scratch hiihii ya paka. Wale ni watu wazima wa chuo.

Ila sitaki umjibu mzazi kwa majina makubwa tu, maana ana haki kwenye jambo moja: kama mtoto wake anakopi na hajui kilichofanya kazi, basi kweli anapoteza muda. Angekuwa anakopi Python angepoteza muda uleule, tena kwa uchungu zaidi. Kwa hiyo tuongee kuhusu kukopi.

Kuna dhana moja karibu kila anayeanza anakuwa nayo bila kujijua, mtafiti Roy Pea aliiandika mwaka 1986, kwamba ndani ya kompyuta kuna akili fulani iliyojificha inayoelewa mtu alikuwa anataka nini. Ukimtuma mtoto dukani akalete chumvi na akute duka limefungwa, ataenda duka la pili bila kuambiwa, kompyuta haiendi duka la pili. Kwenye Scratch dhana hii inajitokeza sehemu mbili ambazo nina uhakika umeshaziona hapo ukumbini.

Ya kwanza ni bloku ya kama. Mtoto anaandika kama daladala limegusa ukingo basi geuka, anaweka chini ya bendera, anabonyeza, daladala linafika ukingoni halifanyi kitu. Anasema kompyuta mbovu. Kumbe kompyuta iliuliza lile swali mara moja tu, pale mwanzo kabisa sekunde ile bendera inabonyezwa, jibu likawa hapana, ikamaliza kazi ikaondoka. Mtoto anadhani kompyuta imekaa pale inalinda. Haijakaa, mpaka umwekee ile kama ndani ya lupu isiyo na kikomo ndo itakuwa inauliza tena na tena. Wengi wanajua dawa, utasikia wanaambizana weka ndani ya ile ya rangi ya machungwa, ila hawajui kwa nini, na hapo ndo kukopi kunapozaliwa: wanarithishana dawa bila ugonjwa.

Ya pili ni pale paka anapoanzia alipoishia. Umecheza mara ya kwanza paka kavuka skrini, ukibonyeza bendera tena anaanzia kulekule ukingoni, na mtoto anashangaa maana yeye kichwani mwake hadithi imeanza upya. Scratch inakumbuka mahali, upande aliogeukia, ukubwa, hata alama za mchezo, haivifuti mpaka uiambie. Kwa hiyo kila katuni ianze kwa kumweka mhusika mahali pake: x fulani, y fulani, aangalie kulia, vazi (yaani picha yake) la kwanza. Hii fundisha mapema sana na ufundishe kwa sababu, sio kama kanuni. Skrini yenyewe inaanzia katikati, x inakwenda kutoka -240 mpaka 240 na y kutoka -180 mpaka 180, ukichora hio gridi kwa chaki sakafuni na watoto wakasimama kwenye namba hasi na chanya nakuhakikishia wiki hio hawatahitaji laptop kabisa, na wale tisa wanaosubiri zamu hawakai bure.

Sasa nakupa kitu kimoja cha kubadilisha, na ukibadilisha hiki tu nitaridhika: hakuna mtu kubonyeza bendera kabla hajasema nini kitatokea. Aandike kwenye daftari au amwambie mwenzake, paka atafika wapi, atageuka lini, sauti itaanza kabla au baada. Alafu abonyeze. Akiwa sahihi, vizuri. Akikosea, vizuri zaidi, maana sasa kuna pengo kati ya alichodhani na kilichotokea na lazima atafute bloku iliyomdanganya. Huko Uingereza Sue Sentance na wenzake wamelijenga somo zima kwa mtindo huu, mwanafunzi anatabiri, anaendesha, anachunguza, anabadilisha, mwisho kabisa ndo anatengeneza chake, na mimi naona unafaa sana kwa mazingira yako kwa sababu hautaki mashine nyingi. Programu moja unaichora ubaoni, watoto 14 wanatabiri.

Na kwa mtindo huo kukopi kunaacha kuwa dhambi. Mwache akopi daladala la mwenzake, ila umpe sharti: lisimame kwenye kituo sekunde mbili alafu liendelee, au lirudi kinyumenyume, au abiria apande na kupotea. Ukibadilisha kitu cha mtu lazima ukisome. Wakae wawili wawili au watatu, mmoja ashike mausi, mwingine aseme cha kufanya, na mwenye mausi haruhusiwi kufanya asichoambiwa, kila dakika kumi wabadilishane. Angalia sana chalii anayejua kuliko wenzake asing'ang'anie mausi, na wasichana wasigeuzwe wachaguzi wa rangi tu. Wape hadithi. Caitlin Kelleher alifanya utafiti uliotoka mwaka 2007 kwa wasichana wa Marekani wenye umri kama wa hao wako wakubwa, kundi moja walitumia Alice ya kawaida (programu ya kujifunzia inayofanana na Scratch), kundi la pili Alice iliyotengenezwa kwa ajili ya kusimulia hadithi. Dhana za programu walijifunza karibu sawa, lakini asilimia 51 ya wale wa hadithi waliiba muda wa ziada kuendelea na programu zao, wale wengine asilimia 16. Mtoto anayeiba muda wa ziada huna haja ya kumsukuma. Kwenu huko hadithi haziishi, kahawa inachumwa mpaka inafika sokoni, mtu anapanda mlima anabadilisha nguo kila kituo baridi ikizidi (hapo kuna vazi, kuna kama, kuna namba ya joto inayopungua, yaani somo la mwezi mzima).

Haya, Python. Jibu langu ni usiache Scratch sasa hivi, ila usikae nayo milele. David Weintrop na Uri Wilensky walifuatilia wanafunzi wa sekondari Marekani, kundi moja likaanza na bloku, jingine likaanza na maandishi, baada ya wiki tano wa bloku walikuwa mbele, alafu wote wakahamia Java, lugha ya maandishi, na baada ya wiki kumi za Java hakukuwa na tofauti kati yao. Mimi naisoma hivi: bloku hazikuwachelewesha, na pia hazikuwapa miujiza. Anayekuambia bila Scratch mtoto hawezi anakosea na anayekuambia Scratch inaharibu anakosea.

Na mapungufu yapo, nisikufiche. Bloku haziwezi kukosewa kuandikwa, kwa hiyo mtoto hajifunzi kusoma ujumbe wa kosa, siku ya kwanza ya Python atasahau alama moja ya nukta mbili (:) na kila kitu kitagoma, atahisi hajui chochote. Bloku anayojitengenezea mwenyewe kwenye Scratch haiwezi kurudisha jibu, wakati kwenye lugha za maandishi hilo ndo chakula cha kila siku. Alafu kuna tabia, watafiti wa Israel waliiona mwaka 2011, watoto wa Scratch wanarukia kuvuta bloku bila kupanga, na wanaikatakata programu kuwa vipande vidogo vidogo vingi visivyo na kichwa wala miguu. Ile sheria ya kutabiri inaisaidia tabia hii, ila haiimalizi.

Kuhama usihesabu miezi, angalia mtoto. Kama anaweza kusoma skripti ya mwenzake kwenye karatasi, bila kompyuta, akakwambia itafanya nini na akawa sahihi mara nyingi. Kama anatumia kigeu (jina la kuhifadhia namba, kama alama za mchezo) bila kuambiwa. Kama ameanza kulalamika kwamba kuvuta bloku kunamchelewesha, huyo yuko tayari, hata kama ana miaka 11, na mwenzake wa 13 bado. Daraja zuri ni kobe wa Python, moduli inaitwa turtle, inakuja na Python yenyewe na haihitaji intaneti ukishaisakinisha. Mraba aliouchora kwa kalamu ya Scratch auchore tena:

from turtle import *
for i in range(4):
    forward(100)
    left(90)

Weka hizo mbili kando kwa kando, rudia mara 4 hii hapa, songa hii hapa, geuka hii hapa. Katikati ni 0,0 kama Scratch. Ila mtego upo, kwenye Scratch upande wa kulia ni nyuzi 90 na juu ni 0, kwenye Python kulia ni 0 na nyuzi zinahesabiwa kwenda kushoto, watoto watachanganyikiwa na sio kosa lao. Tofauti nyingine, Python ikianza upya haikumbuki chochote, kigeu usichokiumba haikijui. Alice niliyoitaja ni nzuri kwa wakubwa kidogo maana ni ya 3D na inampeleka mtu kwenye Java, lakini kwa laptop zako nisingejaribu.

Kuhusu mashine, Scratch ya sasa inasakinishwa bila intaneti kwenye Windows 10 kwenda mbele, pakua mara moja sehemu yenye mtandao weka kwenye flashi, zote tano zimekwisha. Kama kuna iliyobaki na Windows 7, weka Scratch 1.4, ni ya zamani lakini dhana zote nilizoeleza hapa unaweza kuzifundisha, kumbuka tu faili la mpya halifunguki kwenye ya zamani, la zamani linafunguka kwenye mpya. Kwenye mpya fungua sehemu ya kuchagua lugha (alama ya dunia, wakati mwingine iko ndani ya Settings), Kiswahili kipo, wadogo wanaosuasua kusoma Kiingereza utawaona wanachangamka. Wakubwa warudishe Kiingereza kabla ya Python, maneno yatawasaidia.

Mambo mengine hayatatuliki kwa maandishi. Laptop inayojizima au inayochemka mpelekee fundi aifungue, usihangaike na programu. Mtoto anayesogelea skrini mpaka pua inagusa, au anayepita bloku sahihi akachukua yenye rangi inayofanana kila mara, usimwite mzembe, ongea na mzazi wapime macho, mna bahati hospitali ya KCMC iko hapohapo Moshi na kitengo cha macho wanacho. Na yule muuliza maswali wako siku akikuzidi, na atakuzidi, mtafutie mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Hapo Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika na wanafunzi wa TEHAMA wapo, huku Arusha kuna Chuo cha Ufundi na Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, andika barua kwa mkuu wa idara uombe mwanafunzi mmoja wa kujitolea jumamosi moja moja, wazazi wajulishwe kabla, na wewe uwepo ukumbini muda wote atakapokuwepo.